Mjoli: Neno la Wenzi Tulilolisahau



Somo letu safari hii ni la neno moja, nalo ni mjoli. Mara chache kila mwaka msomaji wa masomo husimama mbele yetu, akafika penye neno hilo, akalitamka upesi na kupita, nasi tulioketi twaitikia mwisho wa somo kana kwamba tumesikia. Waulizeni vijana wa kwaya maana yake baada ya Misa. Mmoja atasema ni jina la mtu, mwingine atasema ni cheo katika Kanisa la zamani, wa tatu atadhani mpiga chapa alikosea. Hatuwalaumu. Neno hili halisikiki tena sokoni Tandale wala Tandika, wala kwenye daladala, wala redioni. Limebaki katika Biblia, na katika kamusi kwa mwenye kulitafuta.

Mjoli ni mtumwa mwenzi. Mtumwa alipomtaja mtumwa mwenziwe, aliye katika hali ile ile aliyo nayo yeye, alimwita mjoli wake. Na wakiwa wengi ni wajoli. Mwungwana alikuwa na rafiki, na jirani, na mbia wa biashara, na jamaa wa ukoo. Mjoli hakuwa naye, kwa sababu neno hili halikumfaa ila mtu aliye mali ya mtu.

Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya wenzi, na ni vizuri kuyapitia kidogo ili tuone mjoli alikaa wapi kati yao. Rafiki na sahibu tuliyapokea kutoka Kiarabu, na rafiki kwa asili ni yule mnayefuatana njiani. Mbia ni mwenzi wa mali: faida yenu moja na hasara yenu moja. Somo ni yule mnayeitwa jina moja, na tena katika mila za pwani ni mwanamke anayemfundisha mwali mambo ya utu uzima. Shoga lilikuwa neno zuri la akina mama, mwanamke akimwita hivyo mwanamke mwenzake wa moyoni. Siku hizi limepewa maana nyingine, na tunasikia hata mabibi wa Umoja wa Mama wakilikwepa. Ni hasara, maana hatujapata lingine la kulishika nafasi yake.

Mtani naye asiachwe. Wazaramo, wenyeji wa nchi hii tuliyojengea nyumba zetu huku Temeke na Kinondoni, wana utani wa tangu zamani na Wanyamwezi, waliokuwa wakishuka pwani na misafara. Mtani ndiye aliyeruhusiwa kufanya mzaha hata msibani, na ndiye aliyeshika kazi za mazishi wakati wenye msiba wameinamisha vichwa. Leo ukisema ‘watani wa jadi’ katika mji huu kila mtu ajua unasema Simba na Yanga, na msiba wao ni wa Jumapili jioni. Vijana wana maneno yao: mshikaji, msela, mwana, besti. Wachunguzi wa lugha husema msela lilitoka katika neno la Kiingereza la baharia, na sasa vijana hao hao wanaitana baharia kwa Kiswahili safi, kama kwamba neno limezunguka bahari likarudi bandarini.

Jambo hili si letu peke yetu. Waingereza nao wana maneno ya wenzi yaliyochakaa. Katika Biblia yao ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Paulo katika Wafilipi 4:3 anamwita mtu ‘yokefellow’, yaani mwenzi wa nira, kama ng’ombe wawili wanaovuta jembe moja. Leo ni nadra kumsikia Mwingereza akimwita mwenzake hivyo. Hata neno lao la kawaida la mwenzi, ‘companion’, ukilifuata mpaka Kilatini, ni yule mnayekula naye mkate. Na ‘comrade’, ambalo sisi tumelifanya komredi katika siasa, asili yake ni yule mnayelala naye chumba kimoja, kama askari kambini. Twaona basi kwamba maneno ya namna hii huzaliwa mahali pa kazi na pa shida: njiani, shambani, kambini, mezani. Watu hushirikiana kitu, na kitu hicho huwapa jina.

Wajoli walishirikiana utumwa.

Tunalisema hili kwa sababu Kanisa letu la Anglikana katika sehemu hizi lilianza miongoni mwa wajoli. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya UMCA aliihamishia kazi yake Unguja, na wanafunzi wa kwanza aliopewa walikuwa watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Hawakuwa ndugu wa tumbo moja, wala hawakuwa watu wa kijiji kimoja. Kilichowakusanya ni jahazi lile. Mmoja wa watoto hao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni akafikishwa Unguja, alipewa upadre mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika katika misheni ile, akarudi Uyaoni kufanya kazi Chitangali. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Askofu Steere, aliyelijenga na aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alizikwa humo mwaka 1882, nyuma ya altare. Ni yeye pia aliyewaongoza watu waliokombolewa mwaka 1876 kwenda bara kusini, wakaanza makao Masasi.

Wengi wetu tunaosali katika mitaa hii tulikuja mjini kutoka Masasi na Newala, kutoka Muheza na Korogwe, au tulivuka kutoka Unguja. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huku Tanganyika si kabla ya 1922. Mwaka 1922 si zamani sana. Kuna watu wazima katika parokia zetu ambao bibi zao walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Basi kwa nini neno limekufa? Sisi twadhani sababu ni rahisi, nayo ni ya heshima. Mtu aliyetoka utumwani hakutaka mwanawe ajulikane kwa jina la utumwa. Watu walijiita kwa majina ya mahali, kwa majina ya ubatizo, kwa makabila ambayo wengine walikuwa wameyasahau nusu. Neno mjoli lingemfichua mzee mbele ya wajukuu, kwa hiyo liliachwa lilale. Ajabu ni kwamba neno jingine la nyakati zile halikuachwa. Kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani cheti cha kuandikia siku za kazi, na huko Unguja waliokuwa wakienda kazi za namna hiyo ni watumwa hasa, waliokodishwa na mabwana zao, na ujira wao ukagawanywa. Leo kila asubuhi vijana wa Temeke husema ‘naenda kibaruani’ bila kuwaza. Kibarua limepona kwa sababu lataja kazi, na kazi ingalipo.

Sasa tufungue Biblia. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu bado twaiita Biblia tu bila kuongeza jina, mjoli limetumika katika Mathayo 18 na 24, katika Wafilipi 4, Wakolosai 1 na 4, na katika Ufunuo 6, 19 na 22. Karibu kila mahali latafsiri neno la Kiyunani ‘sundoulos’, na maana ya neno hilo ni ile ile bila kupungua: mtumwa pamoja na mtumwa. Wafilipi peke yake ndipo Kiyunani kina mwenzi wa nira, lakini watafsiri wetu waliandika mjoli hapo pia. Mtu wa lugha anaweza kuwalaumu. Sisi twaona walijua wanalofanya.

Mathayo 18 ndiyo inayojulikana zaidi. Mtumwa mmoja awiwa na bwana wake talanta elfu kumi, asamehewa zote, atoka nje, amkuta mjoli wake anayedaiwa naye dinari mia, amkaba koo. Hesabu hii tuifanye sawasawa, kwa sababu tukiisoma haraka twadhani ni deni kubwa na deni dogo tu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Dinari 100 ni siku 100 za kazi, kama miezi minne. Si fedha ya kuchezea, na mwenye kudai alikuwa na haki ya kuzihitaji. Lakini talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Talanta 10,000 ni siku 60,000,000 za kazi. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kuzilipa. Deni moja ni kubwa kuliko la pili mara 600,000.

Katika habari hiyo neno mjoli limerudiwa mara nne, na ndilo linaloibeba. Yule aliyekabwa hakuwa mgeni wala mdeni wa sokoni. Ni mtu anayelala ua ule ule, anayeamshwa kwa sauti ile ile alfajiri, na ambaye angeweza kuuzwa siku ile ile. Kumkaba mjoli ni kujifanya bwana ukiwa bado mtumwa. Na tusiwasahau wajoli wengine walioona, wakahuzunika, wakaenda kumweleza bwana wao. Wahubiri wengi huwapita hawa. Sisi twapenda kukaa nao kidogo, kwa kuwa hawakudaiwa kitu, wala hawakusamehewa kitu katika habari hii. Walihuzunika tu kwa sababu aliyekabwa alikuwa wa kwao.

Habari hii haiko mbali na mitaa yetu. Tuna michezo ya fedha, tuna vikoba, tuna mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mwenzi wa kikundi akichelewa rejesho siku mbili hufuatwa nyumbani, sofa na televisheni vikatolewa nje mbele ya watoto, na wanaovitoa mara nyingi ni wanakikundi wenzake, ambao wiki ijayo huenda wakachelewa wao. Hatusemi madeni yasilipwe. Twasema tuangalie ni nani anayemkaba nani.

Mathayo 24 ni fupi, lakini kwa nyumba zetu pengine ndiyo kali zaidi. Hapo mtumwa aliyepewa usimamizi wa nyumba aona bwana amekawia, aanza kuwapiga wajoli wake. Katika nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke msichana wa kazi huitwa dada. Jina ni zuri. Lakini dada huyu hulala jikoni, hula mwisho, mshahara wake hukaa kwa mama mwenye nyumba ‘asije akaupoteza’, na Jumapili hubaki kulinda nyumba sisi tukija kanisani. Mama mwenyewe huondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini, hutukanwa na mkubwa wake, hurudi usiku amechoka, hasira yake ikamshukia huyo binti. Katika lugha ya Mathayo hao wawili ni nani kati yao? Neno dada halitujibu, kwa sababu dada huweza kuitwa hivyo bila kuwa hivyo. Neno mjoli hutujibu mara moja, hata kama hatulipendi.

Tukija kwa Paulo twaona jambo ambalo kwetu limekuwa kiini cha somo hili. Fungueni Wakolosai 4, mistari ya 7 mpaka 9. Paulo yuko kifungoni, awatuma watu wawili wapeleke barua. Wa kwanza ni Tikiko, ambaye hakuna mahali anapoitwa mtumwa wa mtu. Wa pili ni Onesimo, ambaye kutokana na waraka kwa Filemoni twamjua kuwa mtumwa, naye anarudi kwa bwana wake. Mtu angetazamia Paulo atumie mjoli kwa yule aliye mtumwa kweli. Hakufanya hivyo. Tikiko amwita ndugu, tena mhudumu, tena mjoli. Onesimo amwita ndugu, mwaminifu na mpendwa, na mwenzao Wakolosai. Neno la utumwa halimgusi. Mzigo wa jina umebebwa na waungwana: Paulo, aliyezaliwa raia wa Rumi, na Tikiko mwenziwe. Mtumwa amebebeshwa jina la ndugu peke yake, aingie nalo Kolosai mlangoni.

Neno ndugu sisi Watanzania tunalo historia nalo. Tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitumika kwa kila mtu, waziri na mfagiaji, likaandikwa mbele ya majina katika barua za ofisi mahali pa Bwana. Miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, Mheshimiwa alizidi kushika nafasi, na leo diwani wa kata asipoitwa hivyo huona amevunjiwa heshima. Ndugu bado laandikwa katika barua, lakini limechoka. Hatuna uhakika kwamba mtu akisoma ‘Ndugu’ juu ya barua ya kudaiwa kodi ya nyumba hujiona amepata ndugu.

Na mtumishi je? Tafsiri ya Habari Njema, iliyotoka nzima katika miaka ya 1990, imeweka ‘mtumishi mwenzetu’ mahali pa mjoli. Ni tafsiri inayoeleweka, na kwa mtoto wa Sunday School ni afadhali kuelewa kuliko kutoelewa. Lakini mtumishi katika mji huu amepanda cheo. Mhubiri mwenye gari na walinzi huitwa Mtumishi, na salamu ya ‘Mtumishi, Bwana asifiwe’ ni salamu ya heshima kwa mkubwa. Kumbe basi Paulo akimwita Epafra ‘mtumishi mwenzetu’, sikio la Dar es Salaam huweza kusikia wakubwa wawili wakipeana heshima. Mjoli hakuna aliyempandisha cheo. Lilikufa kabla ya kuharibika, na hilo ndilo faida yake kwetu.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaotaka msomaji akifika hapo abadilishe neno kimya kimya. Alisome kama lilivyo, alitamke wazi, na Padre au katekista aseme sentensi moja ya kulieleza kabla ya somo. Yule malaika wa Ufunuo 19, na tena 22, Yohana alipoanguka kumsujudia, alimkataza akajiita kwa neno hili hili. Malaika alijiweka ua mmoja na mvuvi wa Galilaya aliyefungwa kisiwani. Ukiliondoa neno la ua ule, kukataa kwake kunakuwa adabu tu.

Wazee waliolisikia neno hili nyumbani, hasa waliokulia Unguja, Tanga au kusini, twawaomba watueleze lilivyotumika, kwa hasira au kwa upendo, na nani alimwambia nani. Wasione haya. Wanaweza kumwambia mwandishi yeyote wa parokia aandike.

Kwa wanaofuatana nasi katika vikundi vya nyumbani: mwezi ujao twasoma Filemoni, ambayo ni sura moja tu. Isomeni kabla ya kuja, na mhesabu maneno ya wenzi aliyoyatumia Paulo humo. Mtakuta mtenda kazi pamoja, askari mwenzetu, aliyefungwa pamoja nami, mshirika, na ndugu. Mjoli halimo hata mara moja, ingawa barua nzima ni ya mtumwa na bwana wake. Njooni tujadiliane kwa nini.